Irabu Moja Kati ya Sala na Ahadi



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alitusubiri mlangoni pa sakristia akiwa na daftari mkononi. Wengi wenu mnamfahamu, ingawa hatutamtaja jina. Ni mmoja wa vijana wetu wanaopandisha wageni mlimani na kuwazungusha mbugani, na sasa anajifunza Kihispania kwa sababu ambayo alitueleza bila kuificha: waongozaji wa Kiingereza ni wengi mno, na wa Kihispania ni wachache. Amekwisha kumaliza wakati uliopo na majina ya wanyama wote kuanzia tembo hadi pimbi. Kisha akakwama.

"Padre," alisema, "kitabu kinaniambia 'habla', mara ghafla kinasema 'hable'. Kinasema 'come', mara 'coma'. Nimeuliza, nikajibiwa kwamba ni mambo ya kukariri tu. Padre uliishi na Wameksiko. Hizi 'e' na 'a' zinabadilishana viti kwa nini?"

Pale nje palikuwa na harusi inasubiri, hivyo tulimjibu kwa maneno mawili na kumwahidi jibu refu. Jibu lenyewe ndilo hili. Huenda baadhi yenu mtajiuliza sarufi ya Kihispania imefuata nini katika tafakari ya juma. Tunaomba mtuvumilie sisi paroko wenu. Katika mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, hatuna jambo lililo karibu zaidi na moyo wetu kuliko irabu hizo mbili, kwani ziliwahi kutugharimu, na zilimgharimu mtu mwingine kuliko sisi.

Tuanze na kanuni, kwa ajili ya kijana wetu na ya yeyote mwenye kalamu. Vitenzi vya Kihispania vimegawanyika katika koo tatu kulingana na miisho yake: kuna vya "-ar" kama "hablar", kusema, vya "-er" kama "comer", kula, na vya "-ir" kama "vivir", kuishi. Tunapotoa taarifa ya jambo lililopo, ukoo wa kwanza hubeba "a": "habla", anasema. Koo mbili nyingine hubeba "e": "come", anakula, "vive", anaishi. Lakini tunapoacha kutoa taarifa na kuanza kutaka, kuomba, kutumaini, kuamuru kwa adabu au kuona shaka, irabu hizo hubadilishana viti kweli, kama kijana alivyosema. Chukua umbo la nafsi ya kwanza, "hablo", "como", "vivo". Ondoa ile "o" ya mwisho. Kisha vitenzi vya "-ar" vipe "e", na vya "-er" na "-ir" vipe "a". Utapata "hable, hables, hable, hablemos, hablen", na upande wa pili "coma, comas, coma, comamos, coman", na "viva, vivas, viva, vivamos, vivan". Watu wa Hispania wana umbo la ziada la kuwaambia rafiki wengi kwa pamoja, yaani "habléis", "comáis", "viváis". Huko Meksiko halitumiki katika mazungumzo ya kawaida, ila mgeni kutoka Madrid atalitumia na kijana wetu asishtuke. Angalieni pia kwamba nafsi ya kwanza na ya tatu zinafanana: "hable" ni "niseme" na pia ni "aseme".

Kwa vitenzi vya kawaida kanuni imekwisha. Wanasarufi wetu huiita hali tegemezi, na vitabu vya Kihispania huiita "subjuntivo".

Sasa, ndugu zangu, jambo la kustaajabisha ni kwamba Mswahili hana sababu ya kuiogopa hali hii, kwa kuwa ameinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Sisi nasi tunaondoa "a" na kuweka "e". Anasema: aseme. Anapumzika: apumzike. Anatembea: atembee. Hata vitenzi tulivyopokea kutoka kwa Waarabu, ambavyo havibadilishi irabu, vinaingia katika hali hiyo kwa kuvua kiambishi cha wakati tu: anarudi, arudi, anasamehe, asamehe. Tunasema "nataka kula" mtu anapotaka ale mwenyewe, na "nataka ule" anapotaka mwingine ale; Mhispania naye husema "quiero comer", na kisha "quiero que comas". Tunaamuru kwa kusema "sema!", lakini katika kukataza tunahamia kwenye "e" na kusema "usiseme", yeye naye husema "habla!" na "no hables". Malaika anapomwambia Bikira Maria asiogope, Biblia ya Kihispania hutumia "temas", kutoka "temer", kama yetu inavyotumia "usiogope". Ni lugha mbili ambazo hazina udugu wa damu, na bado zimekutana katika jambo hili.

Na kwa kazi ya kijana wetu, hali hii ndiyo adabu yenyewe. Kumwambia mgeni mzee "camina" ni kumwamuru kama mtoto. "Camine despacio" ni kumwomba atembee polepole, neno ambalo pale mlimani linasemwa kuliko sala. Akiwa mtu wa Meksiko, mwambie "tome agua", anywe maji. Akiwa wa Hispania, mwambie "beba agua", na usicheke, kwani kwake kubeba ni kunywa.

Tuliomaliza seminari wakati Kilatini kilipokuwa bado kinafundishwa kwa fimbo tunafahamu ubadilishanaji huu ulikotoka. Kihispania kiliurithi kwa mama yake. Katika Kilatini "salvat" ni "anaokoa" na "salvet" ni "aokoe". "Vivit" ni "anaishi" na "vivat" ni "aishi". Herufi tatu mnazoziona juu ya makaburi ya zamani ya wamisionari wetu, R.I.P., zinaanza na kitenzi cha namna hiyo hiyo, "requiescat", apumzike. Kama angetaka kutoa taarifa, mchonga mawe angeandika "requiescit", anapumzika. Hakuandika hivyo. Kanisa halikuthubutu kuchora taarifa juu ya jiwe, lilichora ombi.

Hata salamu ya Misa ina fundisho lake. Kwa Kilatini padre husema "Dominus vobiscum", maneno mawili tu, "Bwana" na "pamoja nanyi", bila kitenzi chochote katikati. Lugha nyingi zilizotafsiri zililazimika kuchagua kitenzi. Waswahili walichagua "awe", na Wahispania "esté", ambacho ni cha hali tegemezi vilevile, ingawa chenyewe si kitenzi cha kawaida. Tulipokuwa watoto wa kutumikia altare kule Musoma, ambako wageni wengi walikuja kujifunza Kiswahili katika shule ya lugha ya Makoko, padre mmoja aliyekuwa na majuma machache tu nchini alifungua mikono na kutusalimu, "Bwana anakuwa nanyi!" Kanisa zima lilikaa kimya likitafakari lijibu nini. Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti, "Haya, tumesikia." Tulicheka hadi chetezo kikatoa mlio mikononi mwetu. Hatukujua kwamba zamu yetu ilikuwa njiani.

Ilifika. Mwaka 2011 askofu wetu alitutuma kuhudumu kwa miaka mitatu kusini mwa Texas, karibu na mto unaoitenga Marekani na Meksiko, katika parokia ambayo Misa nne kati ya tano zilikuwa za Kihispania. Watu wake ni wachuma machungwa na mabalungi, wapiga plasta, na akina mama wanaofanya usafi katika nyumba za watu. Walitupokea kwa ukarimu ambao hatujui kuusimulia. Walitwita "padrecito", kipadre, ingawa mnatufahamu kwa kimo.

Tulikuwa tumepitia kozi ya majuma kadhaa na kufaulu mtihani. Kanuni tuliyowaandikia hapo juu tuliijua yote, tena kwa maandishi. Lakini kujua kwa maandishi ni kitu kimoja, na ulimi ni kitu kingine. Kwenye Misa tulisoma kitabuni na hapakuwa na neno. Shida ilianza tulipofunga kitabu.

Mtego wa kwanza kwa Mswahili ni huu. Kiswahili chetu, pamoja na ukarimu wake wote wa "e", hutumaini kwa wakati ujao: "natumaini atapona". Kihispania hakikubali. Mwenye kutumaini husema "espero que sane", natumaini apone, kwani anayetumaini bado hajui. Vivyo hivyo tunasema "atakapofika", kana kwamba kufika kumekwisha kuandikwa. Wao husema "cuando llegue", kwa hali tegemezi, kwani njia ni ndefu na lolote laweza kutokea. Tunasema "sidhani kama atafika leo". Wao, "no creo que llegue hoy". Mtego wa pili ni kijineno "que". Sisi tukisema "apone", sala imekamilika. Mhispania, isipokuwa katika misemo michache iliyozoeleka, hutanguliza "que": "que sane". Anayekisahau kijineno hicho na kuisahau irabu amesahau vyote viwili, na mdomoni mwake hakuna tena ombi lililobaki. Kimebaki kitenzi kitupu kinachotoa taarifa.

Ilikuwa mwaka 2012, mwezi wa pili, Jumatatu jioni. Tuliitwa hospitalini kwa baba mmoja mchuma mabalungi ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa. Mkewe alikuwepo, na watoto wadogo wawili, na shangazi wa mgonjwa aliyekuwa akizungusha rozari bila kukoma. Tulitoa Mpako wa Wagonjwa kwa kufuata kitabu, neno kwa neno, na kila kitu kilikuwa sawa. Kisha yule mama akatutazama. Mnajua namna mtu anavyomtazama padre wakati ule. Anataka neno ambalo halimo kitabuni. Basi tukafunga kitabu, tukaweka mkono juu ya kichwa cha mgonjwa na kuomba kwa maneno yetu wenyewe. Moyoni, kwa Kiswahili, tulikuwa tunasema: asimame, atembee, arudi nyumbani kwake, ale pamoja na wanawe. Mdomoni yalitoka haya: "Se levanta. Camina. Regresa a su casa. Come con sus hijos." Vitenzi vinne vya kawaida kabisa, kila kimoja kikiwa na irabu isiyo yake. Tulisema: anasimama, anatembea, anarudi nyumbani kwake, anakula na wanawe. Tukamalizia kwa jina la Yesu.

Walijibu "Amina" kwa sauti iliyosikika hadi koridoni. Mama alilia na kutubusu mikono. Shangazi aliacha kuzungusha rozari.

Hapa lazima tuseme ukweli mbele yenu. Tuliona kwamba kuna kitu kimetokea ambacho hatukukikusudia. Nyuso zao zilikuwa na furaha kubwa kuliko sala ya kawaida inavyoleta. Tungeweza kuuliza. Hatukuuliza, kwa sababu ilitupendeza. Tuliendesha gari kurudi nyumbani tukiwa tumeridhika na Kihispania chetu, na hata tukadhani ni Roho Mtakatifu ametufungulia ulimi.

Usiku ule ule mama alipiga simu Chicago, kwa mwanawe mkubwa ambaye alikuwa anaezeka mapaa. Kijana alikuwa amefunga mkoba tayari kwa safari, safari ya zaidi ya siku nzima kwa gari. Mama akamwambia atulie: padre amesema baba anarudi nyumbani. Kijana akaona basi asipoteze kazi, asubiri mshahara wa Ijumaa, aje akiwa na kitu mkononi. Siku ya Jumanne mama alifua mashuka na kupaka rangi chumba cha mumewe. Alhamisi alfajiri mumewe alifariki. Kijana alifika Ijumaa usiku.

Mfa maji haachi kutapatapa, na mtu aliye katika hali ile hasikilizi sarufi ya padre mgeni kwa masikio ya mwalimu, anashika anachopewa. Wengine walijaribu kutufariji kwa hoja hiyo, kwamba kila mtu alijua Kihispania chetu ni kibovu. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hawakuwa wamekosea kutuelewa. Tulichosema, walikisikia sawasawa.

Katika mkesha wa rozari, kijana alitufuata kwenye kona ya ukumbi. Hakupaza sauti. Alisema neno moja tu, "Regresa," kisha akalirudia kama mtu anayesoma kibao: "Usted dijo 'regresa'." Wewe ulisema anarudi. Tulianza kumweleza kwamba tulikuwa na maana ya "regrese". Alitutazama kwa muda, akauliza kama tumemaliza, na akaenda kukaa karibu na jeneza. Baada ya maziko alirudi Chicago. Hatukupatana naye. Tulimwandikia barua mbili, na hatujapata jibu hadi leo, wala hatudai lije.

Wameksiko wana desturi ya novenario: baada ya maziko, ndugu na majirani hukutana jioni tisa mfululizo kusali rozari kwa ajili ya marehemu. Tulikwenda jioni zote tisa na kukaa nyuma. Jioni ya mwisho watu walipoondoka, mama alituita jikoni, akatusogezea kiti na kikombe cha kahawa yenye mdalasini. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la tatu kule kwao Meksiko. Alitwambia kwamba mwanawe amemsimulia tulivyojitetea kuhusu irabu. Halafu akasema, kama mama anayemfundisha mtoto kufunga viatu: "Diga, padrecito: que descanse." Useme, kipadre: apumzike. Zingatieni kwamba hata kutuamuru kwenyewe alitumia hali tegemezi, kwa adabu.

Tukasema, "Que descanse."

Akasema, "Que camine." Tukarudia. "Que regrese." Hapo sauti yake ilikwama, nasi tukarudia kwa taabu. Kisha akatupa kanuni yake, ambayo hatukuisoma katika kitabu chochote: ile "e" ni ya kuomba. Tukamuuliza kwa unyenyekevu, maana mwalimu wetu wa kozi angetuuliza hivyo hivyo, vipi basi kuhusu kula, ambacho kina "e" tangu mwanzo? Alifikiri kidogo. "Coma," alijibu. "Esa también pide." Hiyo nayo inaomba.

Tangu jioni ile hatujakosea tena vitenzi hivyo. Tumekosea mengine, lakini si hivyo.

Kumbe mafundisho yalikuwa yametuzunguka tangu mwanzo nasi hatukuyasikia. Mtu wa kule akikushukuru kwa jambo zito hasemi "gracias" peke yake. Husema "Dios se lo pague", Mungu akulipe, kutoka "pagar", kitenzi cha kawaida kinachoongezewa "u" katika maandishi ili sauti ya "g" isipotee. Akitamani kitu husema "ojalá" na kukifuatisha na hali tegemezi daima. Neno hilo ni Kiarabu, maana yake ya asili ni kama Mungu angependa. Lilibaki Hispania baada ya karne karibu nane, tangu mwaka 711 hadi 1492, ambapo sehemu ya nchi ile ilitawaliwa na Waislamu. Jirani zetu wa pwani wanaposema "inshallah" wanachota kisima kile kile, na Mtume Yakobo katika waraka wake anatuonya tusipange safari na biashara bila kusema maneno ya namna hiyo.

Na kuna kilio cha mashahidi. Padre Miguel Agustín Pro, Mjesuiti, aliyepigwa risasi jijini Meksiko tarehe 23 Novemba 1927 wakati Kanisa lilipokuwa linateswa nchini humo, alinyoosha mikono kama msalaba na kusema "Viva Cristo Rey". Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1988. Watu wengi hudhani "viva" ni mlio wa shangwe tu. Ni kitenzi "vivir" katika hali tegemezi: aishi Kristo Mfalme. Tumezoea namna hiyo hata nje ya kanisa. Wazee wetu waliokuwa wakisema "zidumu fikra" walikuwa wanaomba bila kujua. Lakini tumejiuliza mara nyingi kwa nini Padre Pro, mbele ya bunduki, hakusema "vive", anaishi, ambalo ni kweli ya imani yetu. Hatuna jibu kamili. Labda mtu anayekufa hatoi taarifa, anakabidhi.

Tuliporudi nyumbani mwaka 2014 tulirudi tukiwa na masikio mengine. Tunapotoa Mpako wa Wagonjwa sasa tunayasikia maneno yake. Papa Paulo wa Sita alipoyapanga upya mwaka 1972, vitenzi vya Kilatini alivyoviweka kinywani mwa padre vilikuwa "adiuvet", "salvet", "allevet": asaidie, aokoe, ainue. Vyote vya ukoo wa "a", na vyote vimevaa "e". Padre hasemi kwamba mgonjwa anainuka. Mwenye mamlaka ya kumwambia mwanamke kwamba imani yake imemponya ni Kristo, naye aliyatumia mamlaka hayo. Sisi tumekabidhiwa kusema kwa taarifa mahali pengine: katika kitubio padre husema "nakuondolea dhambi zako", bila "e" ya kuomba, kwa sababu hapo Bwana mwenyewe alitupa neno na akaahidi kulisimamia. Penye kitanda cha mgonjwa hakutupa taarifa ya kutoa. Alitupa mafuta na sala.

Ndiyo maana, ndugu, hatutulii tunaposikia vipaza sauti vya usiku vikitangaza "Umepona! Tupa dawa!" Mnajua tunazungumzia nini, katika jumuiya mbili za parokia hii mwaka huu kuna waliotupa. Hatusemi haya kwa kiburi. Anayetangaza pale uwanjani huenda anajua anachofanya na huenda hajui, kama sisi tulivyokuwa hatujui. Kwa yule anayetupa vidonge hakuna tofauti. Lakini pia tumewasikia baadhi yenu mkilalamika kwamba sala ya Wakatoliki ni baridi, kwamba sisi tunasema "apone" ilhali wengine wanasema "amepona". Mama mmoja alituuliza wiki mbili zilizopita, akiwa amemshika mwanawe mgonjwa, kwa nini tusiseme tu kwamba amepona, kwani Mungu anashindwa nini? Hatukuweza kumsimulia yote haya pale mlangoni. Tulimwambia kwamba Mungu hashindwi, na kwamba tutakuja kusali nyumbani kwake kila Jumatano. Tumekwenda mara mbili. Mtoto bado ana homa, ila anakula, na anameza dawa zake.

Tarehe 2 mwezi huu, katika Misa ya marehemu wote, wale mliokaa mbele mlisikia kwamba kabla ya Sala ya Ekaristi tulinyamaza kidogo, na pengine mkasikia maneno ya lugha ngeni. Tunafanya hivyo kila mwaka. Tunalitaja jina la mchuma mabalungi, na kusema kwa sauti ya chini yale tuliyofundishwa jikoni.

Kijana wetu atakuja Jumamosi saa kumi na daftari lake. Yeyote mwingine anayetaka kujifunza aje naye. Viti vipo, na kahawa tutajaribu kuitia mdalasini. Tumemwambia asianze na "hablar" kama kitabu chake kinavyoanza. Aje akiwa ametunyambulia "descansar" katika nafsi zote, na achunge mkazo: "descanse" ukilemea silabi ya katikati ni "apumzike", lakini "descansé", ukilemea mwisho, ni "nilipumzika". Mswahili kwa bahati nzuri hulemea silabi ya pili kutoka mwisho bila kufundishwa.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.